Ramayan ya Tivii ya 1987: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku

Kila nikiitaja Ramayan ya zamani, ile tamthilia ya India, naulizwa yaleyale, kwa hiyo leo nimekaa nimeyajibu yote mahali pamoja. Mengine nimejibu kwa urefu maana yananigusa, mengine nimepita haraka tu.

Ramayan ipi hiyo unayoisemaga?

Ile ya Ramanand Sagar. Ilianza kurushwa Doordarshan, yaani tivii ya serikali ya India, tarehe 25 Januari 1987, ikaenda kila Jumapili saa tatu na nusu asubuhi mpaka 31 Julai 1988. Episodi 78. Mwanzoni walipewa 52, watu wakaipenda kupita kiasi ikabidi iongezwe. Sagar alikuwa mtu wa sinema za Bombay miaka na miaka, alizaliwa 1917 karibu na Lahore kabla India na Pakistan hazijagawanyika, na kabla ya Ramayan alishatoa tamthilia ya mfalme Vikram na pepo wake, Vikram aur Betaal, ambayo ukiitafuta utawakuta humo Arun Govil na Deepika Chikhalia kabla hawajawa Ram na Sita. Kwa hiyo hao hakuwaokota barabarani, alishawapima. Kazi kubwa ya kurekodi ilifanyika Umbergaon, pwani ya Gujarat.

Hadithi yenyewe sijui hata mwanzo wake, nisaidie.

Ram ni mtoto mkubwa wa mfalme Dasharath wa Ayodhya na kesho yake anatawazwa. Usiku huohuo mama yake wa kambo, Kaikeyi, anamkumbusha mfalme ahadi aliyompa zamani na anaidai: mwanangu Bharat akae kwenye kiti, Ram aende porini miaka 14. Mfalme hawezi kuvunja ahadi. Ram anaondoka bila kinyongo, mkewe Sita anakataa kubaki, mdogo wake Lakshman naye anakataa kubaki. Huko porini Ravan, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, anamteka Sita. Ram anapata msaada wa jeshi la nyani, na nyani shujaa Hanuman ndani yake, wanajenga daraja la mawe juu ya bahari, wanapigana, Ravan anauawa. Wahindu wengi wa kaskazini wakiwasha taa siku ya Diwali wanakumbuka hiyo siku Ram anarudi nyumbani.

Ni kweli India nzima ilikuwa inasimama Jumapili asubuhi?

Magazeti ya wakati ule yaliandika hivyo na kila mtu wa umri huo ukimuuliza anakwambia hivyo hivyo. Barabara tupu. Maduka yamefungwa. Harusi zinasogezwa saa, mabasi na treni zinachelewa kuondoka maana dereva na abiria wote wako mbele ya tivii ya kituoni. Makadirio ya wakati ule yalikuwa watazamaji milioni 80 mpaka 100, na hapo kumbuka tivii zenyewe zilikuwa chache, rangi ilikuwa imeingia India mwaka 1982 tu kipindi cha michezo ya Asia, kwa hiyo tivii moja ilikuwa ya mtaa mzima, watu wamejazana mlangoni, dirishani, watoto wamekaa chini mbele kabisa. Umeme ukikatika saa hiyo ilikuwa balaa, kuna sehemu watu walienda kuvamia ofisi za umeme.

Na kwa sehemu kubwa ya nchi chaneli ilikuwa moja. Hili watu wanalisahau. Leo ukiwa na chaneli mia na simu mkononi huwezi kupata kitu kama kile, maana siku ile mkulima wa Bihar na mwanasheria wa Delhi walikuwa wanaona uso uleule, dakika ileile.

Mtu mzima na akili zake kuvua viatu mbele ya tivii, hii inakuwaje?

Hapa ndo napenda nieleze kwa utulivu maana naona watu wanacheka bila kuelewa.

Familia zilikuwa zinaoga kwanza. Tivii inafutwa vumbi, inavalishwa shada la maua ya njano, inapakwa alama ya sandali, udi unawashwa pembeni, kipindi kikiisha watu wanagawana vitu vitamu kama wanavyogawana hekaluni. Mhindu akienda hekaluni jambo kubwa analoliendea linaitwa darshan, yaani kumwona mungu na mungu akuone wewe, macho kwa macho. Sasa angalia kamera ya Sagar inavyofanya kazi. Inamsogelea Ram usoni taratibu, inakaa pale, haina haraka, yeye anatabasamu kidogo anakutazama wewe uliyekaa chini kwenye mkeka. Sagar alijua anachofanya.

Halafu hii haikuanza na tivii. Kule Ramnagar, ng'ambo ya mto kutoka Varanasi, kila mwaka inachezwa Ramlila, igizo la hadithi hiihii ya Ram, karibu mwezi mzima, na vijana wanaocheza Ram na Sita kwa siku hizo wanaheshimiwa kama miungu wenyewe, watu wazima wanawashika miguu. Kwa hiyo bibi aliyemwinamia Arun Govil kwenye kioo alikuwa anafanya jambo ambalo bibi yake naye alilifanya kwenye uwanja wa kijiji. Tivii iliingia kwenye mila iliyokuwepo.

Mbona inakwenda polepole na ile mishale ni kama ya kitoto?

Ni kweli mishale inapaa, inakutana hewani, inatoa cheche, mmoja unakuwa nyoka, mwingine unakuwa moto, na ukiangalia kwa jicho la leo unaona waya kabisa. Mimi bado naipenda. Wale watu walikuwa na mitambo ya video ya miaka ya 80 na wakathubutu kuonyesha nyani anaruka bahari, na ilitosha, nchi nzima iliamini.

Kule kwenda polepole ni makusudi. Mtu mmoja akisema neno kubwa, kamera inapita kwa kila aliyekuwepo, mmoja mmoja, baba, mama, mtumishi, unaona linavyoingia moyoni. Chini yake kuna sauti ya Ravindra Jain anaimba beti za Tulsidas, mshairi wa karne ya 16 aliyeitunga upya Ramayan. Huyu Jain, aliyetunga muziki na kuimba sehemu kubwa, alizaliwa kipofu. Nilipojua hilo nilirudia kusikiliza upya kabisa, maana sura za hiyo tamthilia zimekaa vichwani mwa mamilioni ya watu na aliyezipa sauti hakuziona hata moja.

Waigizaji walikuwa kina nani, na waliishia wapi?

Arun Govil ndo Ram. Amewahi kusimulia kwamba mwanzoni hakupita kwenye majaribio, ndipo akaweka lile tabasamu dogo na mambo yakabadilika, na tabasamu hilo ndo limemfuata maisha yake yote. Baada ya Ramayan hakuna mtu aliyetaka kumwona anacheza jambazi au anacheza disko na msichana. Deepika Chikhalia (Sita) alikuwa msichana mdogo, watu wazima wakawa wanamgusa miguu uwanja wa ndege. Sunil Lahri alikuwa Lakshman, yule mwenye hasira za haraka. Manthara, yule kijakazi aliyemchochea Kaikeyi, alichezwa na Lalita Pawar, mama mkwe mkali wa sinema za Kihindi, wazee wetu wanamjua sana.

Hanuman alikuwa Dara Singh, mpiga mieleka halisi, bingwa, wakati huo umri wake unakaribia miaka 60 na bado ana kifua kile. Alishawahi kumcheza Hanuman kwenye sinema miaka ya 70. Mpaka leo mchoraji wa Kihindi akimchora Hanuman na misuli mingi wengi wanamwona Dara Singh.

Ila kwangu mimi aliyebeba tamthilia ni Arvind Trivedi, Ravan. Adui kwenye sinema zetu tumezoea anakuwa mjinga mwenye kelele, steringi anampiga basi. Huyu Ravan ni msomi, anamwabudu mungu Shiva kwa machozi, anacheka mpaka kuta zinatikisika, na anajua kabisa anapotea lakini kiburi hakimruhusu kurudi nyuma. Alifariki Oktoba 2021, na watu waliomchukia utotoni walimlilia.

Upande wa siasa: mwaka 1991 Chikhalia na Trivedi wote wawili walishinda ubunge kwa tiketi ya BJP, chama cha wazalendo wa Kihindu, yaani Sita na Ravan chama kimoja bunge moja. Dara Singh aliteuliwa baraza la juu la bunge 2003. Govil ndo wa kushangaza zaidi, 1988 alipanda jukwaani kumpigia kampeni mgombea wa Congress, chama tawala wakati huo, kule Allahabad na mgombea huyo akashindwa, halafu 2024, miaka 36 baadaye, akagombea mwenyewe Meerut kwa BJP akashinda kwa kura elfu 10 na kitu.

Ule mgomo wa wafagiaji ulikuwa wa kweli?

Wa kweli kabisa, na katika mambo yote ya Ramayan hili ndo nataka mlijue.

Sagar alitaka kumalizia pale Ram anapotawazwa, furaha, taa, mwisho. Lakini hadithi ina sehemu ya mwisho yenye uchungu. Watu wa Ayodhya wanaanza kusemasema kwamba Sita alikaa nyumba ya mwanaume mwingine, na Ram anamwacha, ana mimba, anapelekwa porini. Anayempokea ni Valmiki, mzee wa porini, mtunzi wa hadithi yenyewe. Anamhifadhi, mapacha wanazaliwa kwake, Lav na Kush, anawalea, anawafundisha kuimba historia ya baba yao ambaye hawamjui.

Sasa wafagiaji na wazoa taka wengi wa Punjab na kaskazini mwa India, watu wa tabaka la chini kabisa ambao wengine hata maji hawapewi kwa mkono, wanajihesabu kizazi cha Valmiki na wanajiita kwa jina lake. Kwao kukata sehemu hiyo ni kumkata babu yao, ni kusema kwamba aliyemfungulia malkia mlango siku dunia nzima imemfungia hana maana. Wakagoma. Ilikuwa 1988, kiangazi, joto lile la India, taka zikarundikana, mgomo ukasambaa mji hadi mji, watu wakaanza kuogopa kipindupindu. Serikali ikakubali. Sagar akarudi kutengeneza muendelezo, Uttar Ramayan, ikaanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka huohuo.

Nikiangalia episodi zile, Sita na kuni zake, Sita anawaogesha watoto, na mwisho anapochoka kuulizwa usafi wake anaiomba ardhi impokee na ardhi inafunguka, najua kabisa ziko pale kwa sababu watu wenye fagio waliweka fagio chini.

Je, hii tamthilia ndo ilileta vurugu za Ayodhya na kubomolewa kwa msikiti?

Sitasema ndiyo moja kwa moja na sitasema hapana. Ugomvi wa Msikiti wa Babri, uliojengwa Ayodhya mahali ambapo Wahindu wengi wanaamini Ram alizaliwa, ulikuwepo kabla, kesi zilikuwepo, kufuli la jengo lilifunguliwa Februari 1986, mwaka mmoja kabla ya tamthilia. Na serikali iliyoruhusu Ramayan ilikuwa ya Congress, ya waziri mkuu Rajiv Gandhi, sio BJP.

Ila angalia mfululizo. BJP ilikuwa na viti 2 bungeni mwaka 1984, ikapata 85 mwaka 1989, ikapata 120 mwaka 1991. Septemba 1990 Advani, kiongozi wa chama, alianza safari kutoka Somnath kwenda Ayodhya akiwa juu ya gari la Toyota lililopambwa likawa kama gari la vita la kale, na kila aliyeliona alijua ni kitu gani maana alishaliona Jumapili asubuhi. Vijana wenye pinde na mishale ya plastiki, mavazi yaleyale. Tarehe 6 Desemba 1992 msikiti ukabomolewa, na ghasia zilizofuata ziliua watu karibu 2,000, wengi wao Waislamu. Mtafiti Arvind Rajagopal aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, na anachosema kwa ufupi ni kwamba tivii haikuzaa ile harakati ila iliwapa watu waliotengana kwa lugha na tabaka picha moja ya kuzungumzia. Mimi nakubaliana naye. Sagar hakumwambia mtu achukue nyundo. Lakini picha ikishatoka kwako huwezi kuchagua nani ataibeba, na kwa hili inaniuma, maana Ram wa kwenye tamthilia ni mtu aliyeacha ufalme ili neno la baba yake lisianguke.

Januari 22, 2024 hekalu jipya la Ram lilipofunguliwa palepale, Govil, Chikhalia na Lahri walikuwepo.

Kwani kuna Ramayan zaidi ya moja?

Ziko nyingi mno. Ya Valmiki ya Kisanskriti ndo ya zamani, ya Tulsidas ya karne ya 16 ndo inayoimbwa kaskazini, Kamban ana yake ya Kitamil. Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, wana yao ambayo Ravan sio jini hata kidogo. Kuna masimulizi ya Kibudha ambayo Sita ni dada yake Ram. Thailand Hanuman ni mpenda wanawake balaa, lakini Hanuman wa Sagar hagusi mwanamke. Wanawake vijijini wana nyimbo zao ambazo wanamlaumu Ram waziwazi.

Sagar mwenyewe aliorodhesha matoleo kadhaa mwanzoni kama vyanzo vyake, lakini kilichotoka ni kimoja. Mwanahistoria Romila Thapar alitahadharisha mapema kwamba tivii ya taifa inaweza kuzifunika hizo nyingine, na naona alikuwa sahihi. Mtoto wa leo akiulizwa Ram anafananaje, anakuchorea Arun Govil. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa kwenye masomo insha ya A. K. Ramanujan iliyozungumzia wingi huo wa Ramayan, baada ya watu kulalamika. Na 2023 ilipotoka Adipurush, sinema mpya ya hadithi hii, watu walikasirikia maneno aliyopewa Hanuman mpaka watengenezaji wakayabadilisha, na kipimo walichokuwa wanakishika mkononi kilikuwa kilekile cha 1987.

Na Mahabharat je?

Hiyo ni tamthilia ya hadithi nyingine kubwa ya kale ya India, nayo ilifuata, ya B. R. Chopra, 2 Oktoba 1988 mpaka 24 Juni 1990, episodi 94. Kali zaidi kwa mazungumzo, na mwandishi wa mazungumzo hayo ni Rahi Masoom Raza, Muislamu, mshairi. Arjun, shujaa wa hadithi hiyo, naye alichezwa na Muislamu, Firoz Khan, mpaka akabadili jina la kisanii akajiita Arjun. Uingereza ilionyeshwa BBC. Mpya ya 2013 iliishika Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, maana kule hadithi hizi wanazo kwenye vikaragosi vyao tangu enzi. Nitaiandikia peke yake.

Iliporudishwa 2020 ilikuwaje?

Korona, India imefungwa kuanzia 25 Machi, tarehe 28 Doordarshan wakairudisha, asubuhi saa tatu na usiku saa tatu. Wakatangaza kwamba tarehe 16 Aprili walipata watazamaji milioni 77 na ni rekodi ya dunia. Hilo la rekodi lilibishiwa, maana Marekani tamthilia ya M*A*S*H ilipoisha 1983 waliangalia zaidi ya milioni 100. Kwangu rekodi si kitu. Kilichonigusa ni kwamba waliokaa chini mbele kabisa 1987 sasa walikuwa wamekaa nyuma na watoto wao mbele.

Huku kwetu iliingiaje?

Kwa mikanda. Tanzania Bara hatukuwa na tivii mpaka 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, kwa hiyo Dar mwenye deki ndo alikuwa mfalme. Sisi tulikaa nyumba za Msajili na jirani yetu wa mlango wa pili walikuwa Wagujarati, bibi yao tulimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita. Mikanda ilikuja na ndugu waliotoka safari, imechakaa, picha ina mistari ya mvua. Ba hakuwa mtu wa maneno mengi kwetu. Alichotaka ni viatu vibaki koridoni, tuoshe mikono na miguu, tukae mkekani tusiguse deki. Mjukuu wake anatutafsiria kwa Kiswahili, akifika pagumu anaruka. Kikiisha tunapewa ladu moja moja kwenye kiganja cha kulia. Mimi ni Muislamu, na mama yangu alijua niko kule, alichoniuliza nikirudi ni Sita ameshapatikana au bado.

Nikitaka kuiangalia leo nianzie wapi?

Iko mtandaoni. Usianze na vita, utachoshwa na mishale. Anza na Bharat, alivyochezwa na Sanjay Jog, pale anaporudi safari anakuta baba amekufa, kaka kafukuzwa, na ufalme ni wake kwa hila za mama yake. Anaukataa. Anaingia porini na jeshi na mama zake wote kumbembeleza kaka yake arudi, wanabishana kwa mapenzi kila mmoja anamsukumia mwenzie kiti, na Ram hakubali kuvunja neno la baba. Mwisho Bharat anaomba ndala za kaka yake, zile za mbao. Anaziweka kichwani mwake, anarudi nazo hivyo mpaka nyumbani, anazipandisha juu ya kiti cha enzi, na yeye anakaa chini.